Fundi mmoja anataka siku 2, mwingine anataka wiki 2: uwanja wa nyasi bandia nyuma ya nyumba

Uani_Kwetu aliuliza:

Wanajukwaa wenzangu, naomba ushauri wa watu waliowahi kujenga au kutunza uwanja mdogo wa michezo nyumbani. Nyuma ya nyumba yangu kuna eneo tupu lenye urefu wa mita 22 na upana wa mita 13, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na majani ya kawaida yanayokanyagwa hadi kubaki vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Watoto wangu watatu hucheza mpira wa miguu hapo karibu kila jioni, mkubwa wao ameanza kupenda mpira wa kikapu, na mimi na mwenzangu tungependa kupata mahali pa kuchezea badmintoni au hata tenisi. Nimefikiria uwanja wa nyasi bandia wa mita 20 kwa 12, wenye mistari ya michezo yote hiyo, goli dogo kila upande na mlingoti mmoja wa kikapu.

Fundi wa kwanza niliyemwita ameniambia kwamba kazi itakamilika kwa siku 2: ataparua majani, atasawazisha udongo kwa reki, atamwaga mchanga kidogo, kisha atatandika nyasi na kuzipigilia misumari pembeni. Ananishauri nichukue nyasi zenye urefu wa milimita 50, kwa kuwa, kwa maneno yake, zikiwa ndefu ndipo zinapofanana na za uwanja wa kweli. Fundi wa pili anataka wiki 2. Anataka kuchimba udongo wote wa juu na kuleta malori ya kokoto, na katika hesabu yake nyasi zenyewe ni sehemu ndogo kuliko nilivyotarajia. Tofauti ya gharama ni kubwa kiasi kwamba siamini kuwa wote wawili wanazungumzia kitu kimoja.

Je, uchimbaji huo ni wa lazima, au ni namna ya kukuza kazi? Na je, kumwaga zege eneo lote na kutandika nyasi juu yake kusingekuwa njia fupi zaidi? Niongeze kwamba eneo lina mwinamo mdogo unaoelekea kwenye nyumba, ingawa kwa macho hauonekani sana.

Msawazishaji alijibu:

Ndugu, umeona sawasawa: hao mafundi hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza anakuuzia zulia, na wa pili anakujengea uwanja ambao hatua yake ya mwisho ni kutandikwa zulia. Nimefanya kazi ya kusawazisha viwanja kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba karibu kila uwanja wa nyumbani niliouona umeharibika uliharibikia chini, nyasi zikiwa bado nzima.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Udongo wa juu umejaa mizizi na mabaki ya majani ambayo yataendelea kuoza na kunywea hata baada ya kufunikwa, na kama chini yake kuna mfinyanzi, huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyasi bandia ni kitambaa chenye nyuzi, hazina ugumu wa kuficha kasoro. Bonde la milimita 10 chini yake litakuwa bonde la milimita 10 juu yake, na mpira utalionyesha kabla jicho halijaliona. Mchanga mtupu uliomwagwa juu ya udongo nao hautulii. Kila kisigino kinachogeuka mahali pamoja, hasa mbele ya goli, huusukuma pembeni, na baada ya miezi michache unabaki na mashimo yaliyofunikwa vizuri.

Kwa uwanja kama wako mimi ningechimba kina cha milimita 200 hivi, na pale ninapokuta udongo laini unaobonyea chini ya mguu ningeendelea kuchimba hadi nifike pagumu. Chini panashindiliwa kwanza, kisha panatandikwa kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto. Watu wengi hudhani kitambaa hiki ni cha kuzuia magugu. Hilo nalo hulifanya kwa kiasi fulani, lakini kazi yake kubwa ni kuuzuia udongo wenye maji usipande na kujipenyeza kati ya kokoto hadi tabaka zima likawa tope gumu lisilopitisha maji. Mawe ya ukingo yawekwe kwenye zege kuzunguka eneo lote kabla ya kokoto kuingia, kwa sababu ndiyo yatakayozuia kokoto zisitambae nje na ndiyo yatakayokuwa kipimo chako cha usawa kuanzia hapo hadi mwisho.

Kokoto ziwe za mawe yaliyopasuliwa, zenye kona kali na ukubwa uliochanganyika. Usikubali kokoto za mtoni hata zikiwa za bure: ni duara, hubingirika moja juu ya nyingine na hazishikani hata ukizishindilia siku nzima. Zimwagwe kwa matabaka yasiyozidi milimita 75 kila moja, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine, hadi ufike milimita 150. Juu yake huja milimita 25 hadi 30 za kokoto ndogo sana, ambazo ndizo zinazosawazishwa kwa ubao mrefu. Ukiweka ubao mnyoofu wa mita 3 popote, nafasi chini yake isizidi milimita 10. Fundi akikuambia kwamba mchanga utakaomwagwa juu ya nyasi utarekebisha kasoro za chini, mshukuru na umsindikize.

Sasa fanya hesabu uone kwa nini malori yanahitajika. Mita 20 kwa 12 ni mita za mraba 240. Ukichimba milimita 200 unatoa mita za ujazo 48 za udongo, ambazo zikishalegezwa huwa karibu 60, nao unapaswa kujua mapema utakwenda wapi. Kokoto zilizoshindiliwa kwa milimita 150 ni mita za ujazo 36, kwa hiyo utaagiza kama 45 kwa kuwa zinapungua zikishindiliwa. Kabla hata ya kujadiliana na fundi, pima upana wa njia ya kuingilia nyuma ya nyumba, maana kama lori halipiti, mzigo wote huo utabebwa kwa toroli, na wiki 2 zitakuwa 3.

Kuhusu zege: linawezekana, nami nisingelichagua. Halinywi maji, linahitaji mwinamo wake na matundu au mtaro wa kuyatoa, na mtoto akianguka juu ya nyasi fupi zilizotandikwa kwenye zege ataona tofauti, labda uweke tabaka la kufyonza mshtuko katikati. Lina maana pale ambapo tayari lipo.

Kinachonisumbua zaidi katika maelezo yako ni ile sentensi ya mwisho uliyoiongeza kama jambo dogo. Mwinamo unaoelekea kwenye nyumba ndio utakaoamua muundo wote. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, naomba ufanye mambo mawili. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 60, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha utazame asubuhi yake yamepungua kiasi gani. Halafu chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, upime tofauti ya kimo kati ya upande wa nyumba na upande wa ukuta wa nyuma. Urudi na majibu hapa.

Raketi_ya_Zamani alijibu:

Naunga mkono yote aliyosema Msawazishaji, na sitagusa ardhi kwa kuwa yeye anaijua kuliko mimi. Naomba nizungumzie michezo, kwa sababu uwanja unaotaka kuchezewa kila kitu kwa kawaida hauchezeki vizuri kitu chochote.

Tenisi uiondoe akilini. Mistari ya nje ya uwanja wa tenisi wa wachezaji wanne ni mita 23.77 kwa 10.97, na ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni, uwanja kamili unahitaji takriban mita 36.5 kwa 18.3. Eneo lako lote halitoshi hata kwa mistari peke yake. Badmintoni, kwa upande mwingine, ni mita 13.4 kwa 6.1, inaingia vizuri na kubakiza nafasi, na kwa kuwa kinyoya hakidundi chini, aina ya sakafu haina madhara makubwa mradi mguu usiteleze. Mpira wa wavu wa mita 18 kwa 9 nao ungeingia kwa mistari, ingawa ungebaki na nafasi finyu sana nyuma ya mstari wa kuanzishia.

Mpira wa kikapu ndio wenye tatizo la kweli. Mchezo huo unategemea mpira kudunda kwa kimo kilekile kila mara unapopigwa chini, na nyasi zenye mchanga hula sehemu ya mdundo huo bila mpangilio. Mtoto atajifunza kurusha, lakini hatajifunza kuudundisha mpira akikimbia. Kama una sehemu yoyote iliyosakafiwa, hata pale mnapoegesha gari, weka mlingoti huko na uache nyasi ziwe za mpira wa miguu na badmintoni.

Sasa urefu wa nyasi. Fundi wako wa kwanza ameona viwanja vikubwa vya mpira wa miguu, ambavyo kweli hutumia nyasi za milimita 40 hadi 60 au zaidi, lakini hakuuliza kwa nini zinasimama. Nyasi ndefu namna hiyo zimeshindiliwa mchanga chini na chembechembe za mpira au kitu kinachofanana nazo juu, hadi kinachobaki wazi ni ncha za milimita 15 au 20 tu. Ukizitandika bila kujaza, zitalala upande mmoja ndani ya msimu mmoja, na mpira utakuwa unakwama kama unasukumwa kwenye nywele. Nyasi bandia zilipoanza kujulikana sana, zilipotandikwa katika Astrodome ya Houston mwaka 1966, zilikuwa fupi na za nailoni, ngumu kiasi cha kuchubua ngozi. Zilizofuata zilijazwa mchanga, na hizo ndefu za mpira wa miguu zilikuja baadaye kabisa. Kila kizazi kilitengenezwa kwa mchezo wake, na hakuna kilichofuta kingine.

Kwa familia yenye mahitaji kama yako, mimi ningechukua nyasi za milimita 20 hadi 25 zilizofumwa kwa ukaribu, zijazwe mchanga wa silika ulio duara, uliooshwa na kukaushwa, hadi zibaki ncha za milimita 2 au 3. Mpira mdogo unakimbia vizuri juu yake, mguu unageuka bila kunasa, na matengenezo ni ufagio tu. Uliza pia nyuzi zimetengenezwa kwa nini: polietilini ni laini kwa ngozi na ndiyo inayotumika zaidi siku hizi, polipropilini ni kavu zaidi na hukatika mapema, nailoni ni imara lakini magoti ya watoto yataichukia. Na upande wa nyuma wa nyasi uwe na matundu ya kupitishia maji, usipoyaona, usinunue.

Mistari iwe ya michezo miwili, si zaidi. Mistari mitano ya rangi tano juu ya mita 20 humchanganya hata aliyeichora.

Mama_wa_Goli alijibu:

Mimi nilimchagua fundi wa siku 2, kwa hiyo nichukueni kama shahidi. Sitamtaja, wala hakunidanganya. Nilimuuliza bei na akanipa bei niliyotaka kusikia. Udongo ulisawazishwa, mchanga ukamwagwa, nyasi ndefu zikatandikwa, na picha za siku ya kwanza ninazo hadi leo kwa sababu ndiyo siku pekee uwanja ulipokuwa sawa.

Mvua kubwa ya kwanza ilituachia dimbwi katikati lililokaa siku 4. Lilipokauka, tuliona kwamba mshono uliokuwa chini ya maji umeanza kuachana, kwa kuwa vipande viliunganishwa kwa mkanda mwembamba na gundi ya kawaida ya mazulia ya ndani ambayo haikuumbwa kuvumilia maji. Mwanangu alijikwaa hapo akaumia kifundo cha mguu, si vibaya, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nimesimama uani kila wanapocheza. Misumari ya pembeni nayo ilianza kupanda juu kadiri udongo ulivyovimba na kunywea. Nakuomba sana, mahali watoto wanapokimbia pasiwe na msumari hata mmoja. Baada ya miaka 2 niliyang'oa yote, nikachimba, nikalipa mara ya pili kile nilichokwepa kulipa mara ya kwanza, pamoja na gharama ya kuondoa takataka za kwanza.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni joto. Nyasi hai hujipoza kwa kutoa mvuke wa maji. Nyasi bandia hukaa juani kama paa la bati. Siku yenye jua kali na isiyo na mawingu, uso wake unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na kama umejazwa chembechembe nyeusi za matairi hali ni mbaya zaidi. Kumwagia maji kunasaidia, ila kwa dakika chache. Jua likiendelea kuwaka, joto linarudi upesi. Kwetu kanuni ni kwamba hakuna anayeingia miguu mitupu, na mchezo ni asubuhi au jioni. Turubai la kivuli juu ya upande mmoja limetusaidia kuliko dawa zote tulizouziwa.

Chembechembe za matairi uziache kabisa, si kwa ajili ya joto peke yake. Huingia kwenye viatu, huingia nyumbani, huoshwa na mvua hadi kwenye mitaro. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2023 kuhusu plastiki ndogo, umeamua kwamba chembechembe za namna hiyo zisiuzwe tena kwa ajili ya viwanja kuanzia Oktoba 2031. Ukijenga leo kwa mchanga, huna sababu ya kufuatilia habari hiyo.

Uani_Kwetu aliandika:

Nawashukuru wote, hasa Mama_wa_Goli kwa kusema wazi jambo ambalo wengi wangelificha. Mlingoti wa kikapu nimeukubali uende mbele ya nyumba penye sakafu, na tenisi tumeizika bila matanga.

Shimo nililichimba juzi. Kwa sentimita 25 za juu udongo ni mweusi na laini, na kuanzia hapo ni mfinyanzi wa rangi ya kijivu unaong'aa ukikatwa kwa jembe. Nilijaza maji mara ya kwanza asubuhi, yakachukua hadi alasiri kupungua kufika nusu. Nikajaza tena jioni, na asubuhi ya pili nilikuta zaidi ya nusu ya maji bado yamo. Kwa mpira wa maji tulipima mara tatu ili tusijidanganye: upande wa nyumba uko chini kwa sentimita 18 kuliko upande wa ukuta wa nyuma, katika upana wa mita 12. Kwa upande wa urefu, pembe ya kushoto iko chini kidogo kuliko ya kulia, kama sentimita 5. Nje ya pembe hiyo ya kushoto kuna mtaro wa maji ya mvua unaopita kando ya njia, na chini ya mtaro huo ni kama sentimita 90 kutoka usawa wa uani kwangu.

Je, hali hii inaharibu mpango?

Msawazishaji alijibu:

Haiharibu, ila inaubadilisha, na nafurahi umepima mara tatu.

Majibu ya shimo yanamaanisha kwamba huwezi kutegemea ardhi inywe maji. Nyasi zitapitisha mvua, kokoto zitaipitisha, kisha itagonga mfinyanzi na kukaa. Fikiria mvua ya milimita 25, ambayo si ya ajabu: juu ya mita za mraba 240 hiyo ni lita 6,000. Kokoto safi zisizo na vumbi jingi zina uwazi wa karibu theluthi moja ya ujazo wake, kwa hiyo tabaka la milimita 150 linaweza kuyahifadhi maji hayo kwa muda huku yakitoka taratibu, mradi yana pa kutokea. Ukiagiza kokoto zilizojaa vumbi kwa sababu zinashikana haraka, uwazi huo unaupoteza. Kwa ardhi yako ningekubali ugumu wa kushindilia ili nipate upitishaji wa maji. Shimo la kunywea maji, ambalo watu wengine wangekushauri, lisahau. Kwenye mfinyanzi litakuwa kisima tu.

Mwinamo ulio nao sasa, sentimita 18 kwa mita 12, ni asilimia 1.5 kuelekea kwenye msingi wa nyumba yako, na ungeufunika vilevile ungekuwa umeujengea msingi bwawa la kuegemea. Kuugeuza kabisa ili maji yarudi ukutani kungehitaji kujaza udongo mwingi upande wa nyumba, na udongo wa kujaza ni mgonjwa wa kudumu usiposhindiliwa kwa uangalifu mkubwa. Mimi ningechagua njia ya tatu: usawazishe upana wote, kisha uinamishe uwanja kwa urefu, kutoka kulia kwenda kushoto, ukiwa sambamba na nyumba. Asilimia 1 kwa mita 20 ni sentimita 20, na tayari ardhi imekupa 5. Upande wa ukuta utachimba zaidi, upande wa nyumba utachimba kidogo, ila hakikisha hata huko udongo wote mweusi umeondoka. Kwa kuwa kwako una sentimita 25, zile milimita 200 nilizotaja mwanzo hazitoshi, na zile mita za ujazo 48 nazo zitaongezeka.

Jambo moja ambalo mafundi hulikosea: mwinamo lazima uwepo chini, kwenye mfinyanzi wenyewe, kabla ya kitambaa na kokoto. Ukiacha chini pakiwa tambarare au penye mabonde na kuutengeneza mwinamo kwa kokoto za juu, maji yatakaa mahali usipopaona.

Mwisho wa upande wa kushoto chimba mfereji wenye kina cha sentimita 30 chini ya usawa wa mfinyanzi, uwe na bomba lenye matundu la milimita 100 lililofungwa kitambaa na kuzungukwa na kokoto, na bomba hilo literemke hadi kwenye ule mtaro. Sentimita 90 ulizopima zinatosha, lakini mdomo wa bomba uwe juu ya kimo ambacho maji ya mtaro hufikia wakati wa mvua kubwa, la sivyo mtaro utakurudishia. Ulizia kwanza kama inaruhusiwa kuunganisha hapo, na ukiwa huko ulizia pia masharti ya kimo cha uzio, kwa kuwa utahitaji wavu wa mita 3 au 4 nyuma ya magoli kama unapenda kuendelea kusalimiana na majirani. Mfereji wa pili wa namna hiyo uupitishe kati ya uwanja na nyumba, hata kama hesabu inasema si lazima. Huo ni wa kukufanya ulale.

Raketi_ya_Zamani alijibu:

Kwa kuwa sasa chini pamepata mwenyewe, niseme kidogo kuhusu siku ya kutandika, ambayo watu huiharakisha kwa sababu ndiyo inayopendeza macho.

Nyasi nyingi huja kwa roli za upana wa mita 4, na utadhani roli 3 zinakupa mita 12 kamili. Hazikupi. Kingo za kila roli lazima zikatwe sentimita 2 au 3 kila upande ambapo nyuzi hazijafumwa vizuri, kwa hiyo utabaki na mita 11.8 au 11.9. Waambie wajenge ukingo kwa kipimo hicho tangu mwanzo, badala ya kuja kununua roli ya nne kwa ajili ya ukanda wa sentimita 15. Roli zote zielekezwe upande mmoja, nyuzi zikiinama sawa, vinginevyo uwanja utaonekana una rangi mbili ukiutazama kutoka dirishani. Zikunjuliwe na kuachwa saa kadhaa zitulie kabla ya kukatwa.

Mshono ufanywe kwa mkanda wa upana wa sentimita 30 na gundi ya poliyuritheni ya sehemu mbili zinazochanganywa, siku kavu. Gundi hiyo ikishachanganywa haingoji mtu, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo. Pembeni hakuna haja ya misumari: mchanga wenyewe ndio unaozikandamiza nyasi. Kwa aina niliyoitaja utahitaji karibu kilo 20 kwa kila mita ya mraba, yaani kama tani 5 kwa eneo lako, na umwagwe kwa awamu nne au tano, ukifagiliwa kila mara, ukiwa mkavu kabisa. Ukimwagwa wote kwa mara moja, utazilaza nyuzi chini na hutaziinua tena.

Baada ya hapo kazi ni ndogo, lakini haiishi. Fagia kwa ufagio mgumu kinyume cha nyuzi kila baada ya wiki moja au mbili, hasa mbele ya magoli ambako mchanga huhama. Ondoa majani yaliyoanguka kabla hayajaoza na kuota kuvu. Uwanja ukitunzwa hivyo, miaka 10 si ndoto.

Uani_Kwetu aliandika:

Nimemwita fundi wa pili, nikamwonyesha vipimo, na mwinamo wa kwenda kushoto alikuwa amekwisha kuuchora kabla sijamweleza. Tumekubaliana aanze baada ya mvua kupungua. Limebaki swali dogo: kuna mwembe mkubwa mita 3 kutoka pembe ya kulia, nao sitaki kuukata. Je, mizizi yake itatusumbua? Na vipande vya nyasi vitakavyobaki, anauliza kama avichukue.

Msawazishaji alijibu:

Mwembe uache. Mkichimba, mizizi myembamba itakayotokea ikateni safi kwa msumeno, msiirarue kwa sururu. Mizizi minene msiiguse, bali songezeni pembe ya uwanja nusu mita. Kati ya mti na ukingo zamisheni kizuizi cha plastiki ngumu chenye kina cha sentimita 60, na mjiandae kufagia sana msimu wa maua na wa maembe.

Vipande asivichukue. Ukija kuhitaji kiraka mbele ya goli baada ya miaka 5, roli mpya haitakuwa na rangi ileile, hata ikiwa ni aina ileile. Vikunje nyuzi zikiwa ndani, uvihifadhi mahali pakavu na penye kivuli, na uandike juu yake nyuzi zimeinama upande gani.